Uso Niliouweka Ubaoni

Bado naikumbuka siku moja ya vita, mwanangu, siku ambayo mtu alinisifu mpaka akili ikaniruka. Nakusimulia kwa sababu naona nawe umeanza kusifiwa. Umenionyesha simu yako: picha na video unazopiga kambini, na watu usiowajua wanaokuandikia kwamba una kipaji na wako tayari kukufikisha mbali. Nilipokuuliza hao watu ni akina nani, ukacheka. Cheka tu. Wajukuu zangu nao husema kwamba hata padri akinibariki kwa mkono mmoja, mimi natafuta mkono wa pili uko wapi. Ni kweli. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na somo lenyewe alilipia mtu mwingine.

Mimi ni Masika, binti wa Butembo. Nilishuka Goma nikiwa msichana, nikafikia kwa mjomba wangu, mtaa wa Kyeshero, na mjomba akanipeleka kwa rafiki yake Papa Kasereka, aliyekuwa na studio ya picha kando ya barabara. Papa Kasereka alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha kushika kamera, kusoma mwanga, na kusafisha picha katika chumba cha giza. Jambo moja tu lilinichosha kwake, nalo ni maswali. Mteja akiingia, kabla hajaketi, muzee anamuuliza, "Foto hii inaenda kwa nani?" Na akimaliza kumpiga anamuuliza tena, "Naweza kuitundika inje, ao hapana?"

Nje tulikuwa na ubao mkubwa uliofunikwa kwa kioo. Ndio uliokuwa tangazo letu. Kila studio ilikuwa na ubao wake, na mpita njia aliangalia nyuso zilizotundikwa hapo ndipo aamue kuingia au kwenda kwa jirani. Mteja akisita hata kidogo tu, Papa Kasereka haitundiki picha yake. Ndiyo maana ubao wetu ulijaa maharusi na watoto wa komunyo, wale wale mwaka mzima. Mimi niliona muzee hajui biashara. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba ananionea wivu, kwa sababu picha zangu zilikuwa zimeanza kuwa nzuri kuliko zake. Nilitaka watu wajue jina langu, si lake.

Basi vita ikaja, na watu wakashuka kwa wingi kutoka upande wa Rutshuru. Wengi waliishia kambini Kibati, nje ya mji, kwenye vibanda vya plastiki, wengine wakaingia mjini. Usishangae nikikuambia kwamba katika siku zile studio haikukosa kazi. Mtu aliyekimbia alitaka ndugu zake waliobaki wajue kwamba yu hai, na picha ilikuwa barua ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa. Wafanyabiashara waliothubutu kupanda barabara ya Rutshuru ndio waliozipeleka. Tulikuwa na koti moja jeusi la kuwaazima wanaume wote, na blauzi na kitenge kizuri cha kuwaazima wanawake wote. Mtu anaingia na vumbi hadi kwenye nyusi, ananawa uso kwenye beseni, anavaa, anasimama wima mbele ya pazia la maua. Mama yake akiipata hiyo picha, hatajua kwamba mtoto wake analala chini.

Juma moja Papa Kasereka alilala nyumbani na malaria, akaniachia funguo. Siku ya kwanza tu akaingia mama mmoja kutoka Kibati, kijana bado, amembeba mgongoni mtoto wa kike aitwaye Furaha. Akamshusha mtoto, akanawa, akavaa kitenge chetu, akaniambia kabla sijamuuliza lolote:

"Dada, foto ni ya mama yangu tu. Ajue niko muzima. Nakuomba, usiitundike inje."

"Sitaitundika," nikamjibu, jicho langu likiwa tayari kwenye kamera.

Nilimpiga picha ya kusimama, kama kawaida. Kisha nikamwambia tumemaliza, naye akaachia mabega, akamgeukia mtoto aliyekuwa akivuta pindo la kitenge, akatabasamu kidogo sana. Nikabonyeza tena. Mwanangu, nimepiga picha maisha yangu yote, na sijapata nyingine kama ile. Uso ule ulikuwa na uchovu wote wa barabara ya Rutshuru, na bado ulikuwa unacheka na mtoto. Nilimwambia arudi siku ya nne, yaani Alhamisi asubuhi, achukue picha yake. Akashukuru, akaenda zake.

Nilipoisafisha, sikuweza kuifungia kwenye droo. Nilijiambia kwamba ile ilikuwa aibu ya wanawake wa shamba tu. Nilijiambia kwamba yeye yuko Kibati, hapiti huku, nami nitaishusha kabla hajarudi. Ukiona unajitolea sababu tatu nne kwa jambo moja, ujue unadanganya mtu, na mara nyingi ni wewe mwenyewe. Nikaikuza picha, nikamshusha bwana harusi aliyekuwa katikati ya ubao, nikamweka Mama Furaha.

Watu walisimama. Wanafunzi, wauza samaki, hata fundi viatu wa ng'ambo alivuka kuja kutazama. Nilikuwa ndani nikisikia wakiulizana, "Nani alipiga hii?" na mwingine akijibu, "Ni Masika." Nakiri, ilikuwa tamu. Nilisogeza kiti karibu na mlango ili nisikie vizuri zaidi.

Jumatano mchana akaja mwanaume mmoja wa shati jeupe, viatu vinang'aa. Hapa Goma, penye vumbi jeusi la volkano kila mahali, viatu vile peke yake vingetosha kunishtua. Sikushtuka. Akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, ndipo akaja kwangu kwa adabu nyingi.

"Mademwazeli, foto hii ni ya kupeleka Ulaya. Niko natayarisha maonyesho. Jina yako itajulikana fasi yote."

"Merci sana, papa."

"Lakini moja haitoshi. Tutahitaji zingine za ule mama. Anakaaka wapi?"

"Kibati."

"Kibati upande gani?"

"Upande sijui. Lakini kesho atarudi kuchukua foto yake."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

Akanishukuru, akatabasamu, akaondoka. Nilifunga studio mapema na kukimbia kwa Papa Kasereka. Nilitaka ajue kwamba picha niliyoitundika bila maswali yake sasa inakwenda Ulaya. Nilimkuta amejifunika blanketi mbili, anatetemeka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Alikuuliza unaitwa nani?"

Ndipo nikagundua: mtu yule alikuwa ameniahidi kwamba jina langu litajulikana kila mahali, na hakuwa ameniuliza jina lenyewe.

"Alikuuliza foto ingine ulipiga ni zipi? Alikuuliza nani alikufundisha?"

"Hapana, papa."

"Sasa aliuliza nini?"

"Aliuliza mama anakaaka wapi."

Muzee akatupa blanketi. "Masika, ule mutu hatafuti foto. Anatafuta mutu. Na weye umemupa siku, umemupa na saa." Kisha akaniuliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Ule mama alikubali umutundike?"

"Alinikataza."

"Ukamuitika kwamba hautaitundika?"

"Nilimuitika."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliniambia tu nishushe ile picha kubwa nimletee yeye, nichukue ile ndogo na negatifu yake, filamu ambayo ingeweza kutoa nakala nyingine, halafu niende Kibati saa ile ile.

Nilipata lori hadi mbele kidogo ya mji, sehemu iliyobaki nikaenda kwa mguu. Nilipofika kambini nikaanza kuuliza, "Mama Furaha yuko wapi? Mnamjua Mama Furaha?" Niliwauliza watu wawili, wa tatu akanitazama vibaya, ndipo nikatambua ninachofanya. Nilikuwa nalitangaza jina la mtu aliyejificha, katikati ya watu nisiowajua. Kazi ya yule mwanaume nilikuwa naifanya mimi. Nikafunga mdomo, nikapita kibanda kwa kibanda nikitazama nyuso, hadi nikamwona kwenye foleni ya maji.

Nilimweleza kila kitu, pamoja na ubao. Akaketi juu ya bidoni yake ya maji, akanieleza. Mume wake alikuwa amechukuliwa kwa nguvu na watu wenye silaha, akawatoroka, na wao waliapa kumpata kwa kumpitia mke wake. Ndiyo maana hakutaka uso wake uonekane barabarani. Hakuniambia mapema kwa sababu alidhani neno "usiitundike" linatosha.

"Dada," akasema, "nilikuomba kitu moja tu."

Hakupaza sauti. Furaha alikuwa amelala mgongoni kwake na homa, na kesho yake mchana ndiyo ilikuwa zamu yao kuonwa na muuguzi, baada ya kungoja siku tatu. Alikunja mkeka, akafunga sufuria kwenye kanga. Jirani alikuja akaomba kibanda, akapewa. Nikampa picha na negatifu, akaviingiza kifuani bila kuvitazama. Sikumuuliza anaelekea wapi, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililolifanya siku ile. Akaondoka jua likielekea kuzama, mkono mmoja nyuma ukimshika mtoto.

Alhamisi Papa Kasereka alikuja studio na homa yake, akaketi nyuma ya meza. Yule mwanaume naye akaja, safari hii na wenzake wawili, wakakalia benchi ya wateja bila kusema wanangoja nini. Asubuhi ikapita.

"Ule mama hajakuja?" hatimaye akauliza.

"Hatakuja tena," muzee akamjibu. "Lakini foto yake ni hii. Upeleke Ulaya, papa. Nakupa bure."

Akaipokea. Aliitazama kama karatasi iliyofungiwa sabuni, akaiacha kwenye benchi, akainuka. Wenzake wakamfuata, na mmoja wao mlangoni akageuka akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Kwa muda mrefu baada ya siku ile sikutembea peke yangu. Papa Kasereka alinipa ile picha na kibiriti, akasema niichome mwenyewe. Niliichoma ndani ya beseni ambamo watu hunawia uso, nikiona ule uso ukijikunja, na nililia kwa sababu mbili, na sababu ya kwanza, nakuambia ukweli, ilikuwa picha. Ya Mama Furaha ilikuja baadaye, na hiyo haijaondoka.

Sijui walifika wapi. Sijui kama mtoto alipona. Nimeuliza kimya kimya miaka yote hii, kwa watu ninaowaamini, nao si wengi. Kila ninapomwona sokoni mama mwenye uso kama ule, namfuata hatua chache, na mpaka leo hajawa yeye.

Sasa sikiliza. Sikuambii ujifiche. Kazi ya sanaa isiyoonekana haimlishi mtu, nami baadaye nilifungua studio yangu, nikawa na ubao wangu, tena mkubwa. Lakini nilitundika nyuso za watu waliosema ndiyo, na nilipokosa ndiyo nilitundika uso wangu mwenyewe na wa mjomba wangu mwenye meno mawili, watu wakacheka na wakaingia. Polepole ikajulikana kwamba kwa Masika uso wako hautoki nje bila wewe. Katika mji huu, ambapo nusu ya watu wamekimbia kitu, hilo liliniletea wateja kuliko picha yoyote nzuri. Walikuja hata wale ambao hawakuwa wamepigwa picha tangu vita ianze.

Kwa hiyo wale akina mama unaowapiga picha kambini siku hizi, uwaulize kabla, na uwaulize tena baada ya kuwaonyesha. Akisita, hiyo ni hapana. Usimngoje akueleze sababu, kwani sababu yenyewe ndiyo inayoweza kumuua. Angalia na nyuma yake pia: kibanda, mti, bango lenye jina la mahali. Na hao wanaokuandikia, usiwatukane, huenda kati yao yumo mwema mmoja. Mimi sijamwona, lakini macho yangu yamezeeka. Wape muda. Mwenye kuipenda kazi yako atakuuliza juu ya kazi yako: ulianza lini, ulijifunza wapi, unataka kufanya nini kesho. Anayekuruka wewe na kuuliza habari za mtu aliye ndani ya picha, mfungie mlango, hata kama ameshika mkononi tiketi ya ndege yenye jina lako. Na likikupata kosa kama langu, usipoteze saa ukitafuta jinsi ya kujitetea. Kimbia ukamwambie mwenye uso, hata akikuchukia.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani, mikono yote miwili, uione. Mungu wa Papa Kasereka akupe jicho zuri na mdomo mzito. Akupe jina, lifike Kinshasa, livuke na bahari kama unavyotaka. Na siku litakapotajwa kwa sauti kubwa, mwanangu, asiwepo mama popote anayekunja mkeka kwa sababu yako.