Ya Tisini na Saba au ya Elfu Mbili na Tano

Baba yangu alifanya kazi ya reli miaka mingi, na bado basi humtapisha. Ukimweka kwenye treni atakula, atalala, atagombana na mkagua tiketi kuhusu usafi wa choo. Mweke kwenye basi, au gari lolote lenye milango, na kabla hamjafika Msalato ataomba mfuko. Tulijaribu ndimu, tangawizi, kukaa mbele, kukaa nyuma, kufumba macho. Mara ya mwisho ilikuwa ndani ya gari la jirani yetu hapa Kikuyu, mjini Dodoma, na tangu siku hiyo jirani hunisalimia akiwa mbali.

Kwenye bodaboda hatapiki. Anakaa nyuma mgongo wima, upepo unampiga usoni, anashuka anatabasamu. Lakini kiti cha bodaboda ni cha kwendea sokoni. Kwa safari ya Kondoa kingemvunja kiuno, na Kondoa ndiko aliko dada yake mkubwa, aliyemlea tangu yu wa kubebwa mgongoni. Shangazi aliolewa na Mrangi, akahamia huko, akazeekea huko, na macho yake yalikuwa yanafifia. Siku moja alituambia kwa simu kwamba bado anauona uso wa mtu akimsogelea karibu. "Ila msikawie kuja," alisema. "Taa inaishiwa mafuta." Baba akanirudishia simu. Kesho yake wakati wa chai akaniuliza kama hakuna pikipiki yenye kiti cha nyuma cha binadamu.

Zipo. Ni zile pikipiki kubwa za safari ndefu ambazo wageni hukatiza nazo mji wetu, mzigo ubavuni, vumbi hadi kwenye nyusi. Mpya siwezi hata kuiota, lakini za mtumba huletwa. Kuendesha hakukunitisha, maana mimi ni mpima ardhi na nimezunguka na pikipiki ya ofisi kwenye viwanja vya Dodoma kabla hata havijawa viwanja. Kinachonishinda mimi ni kuchagua. Nikitaka sufuria moja nazunguka maduka sita, halafu narudi la kwanza. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata nikifika peponi nitaomba kwanza nioneshwe vyumba.

Muuzaji wa pikipiki za mtumba niliyeelekezwa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na mimi ni Mgogo. Watani, basi. Utani huo ulianza tangu babu zao wakipita kwetu na misafara ya kwenda pwani, na babu zetu wakiwatoza hongo ndipo wanywe maji. Niliposimama tu getini kwake alipaza sauti:

"Nani kafungulia mbuzi wa Wagogo?"

"Na nyie wabeba mizigo," nikamjibu, "nani kawafundisha vitu vyenye injini?"

Tukaelewana papo hapo. Alikuwa nazo mbili, za kampuni moja, jina lilelile kwenye tangi. Moja ilikuwa ya mwaka tisini na saba, nzito, fupi, rangi ya maroni iliyopauka, na kiti cha nyuma kina egemeo kama kochi la sebuleni. Nyingine ilikuwa ya elfu mbili na tano, ya fedha, iliyonyooka juu kwa mashokapu marefu, yenye breki bora na kioo cha kukinga upepo. Ya kwanza ilikuwa na kabureta ambayo fundi yeyote wa Dodoma angeifungua kwa bisibisi. Ya pili ilikuwa na kompyuta.

Nikanunua daftari. Ukurasa wa kushoto ya tisini na saba, wa kulia ya elfu mbili na tano. Nilipima urefu, upana, kina cha kashata za tairi, umbali kati ya magurudumu, hata ukubwa wa masanduku. Nilienda pale kila Jumamosi, na baadaye hata siku za kazi nikipita njia. Baba alikuwa akinipokea mlangoni kwa swali lilelile, kama abiria aliyechoka kungoja.

"Treni imefika wapi?"

"Stesheni inayofuata, baba."

"Hiyo stesheni naijua," alisema siku moja. "Nimefanya kazi Gulwe. Treni ikichelewa sana, watu huwa wanasema iko stesheni inayofuata."

Nilicheka, nikaendelea kupima.

Sasa, kununua kitu kwa mtani kuna taratibu zake. Mtani hasifu mali yake mbele yako, anaitukana. Yule bwana alisema betri ya ile ya fedha ameiokota makaburini. Nikaipeleka kwa fundi, ikaonekana nzima kabisa. Akasema tairi zake zimetengenezwa kwa ugali wa Wagogo. Nikazikagua, zilikuwa karibu mpya. Nikajiona nimeshamjua. Kwake tusi ni sifa na sifa ni tusi. Nilijisikia mjanja sana.

Kwa hiyo siku ya kukata shauri, aliposimama kati ya zile pikipiki mbili akasema, "Chukua hii kuukuu. Hiyo ndefu mzee wako hapandi, labda mkaazime ngazi ya mnara wa kanisa," mimi nilishika mbavu nikacheka. Nikamwambia Wanyamwezi hawajui kuficha, na kwamba ameshaonesha wazi ile kuukuu anataka kuibakiza ajipandie mwenyewe. Akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Umekuja na masikio ya Kigogo, utaondoka nayo." Hata hilo nililipenda. Nikaondoka na ya elfu mbili na tano.

Baba sikuwa nimempeleka pale hata siku moja, kwa sababu nilitaka kumshtukiza. Na kweli nilimshtukiza. Alitoka na koti lake jeusi la reli na kofia yake ya kazini yenye ukingo mgumu, akaizunguka pikipiki mara mbili, akapiga tangi kwa kiganja kama anayemkagua ng'ombe. "Hii ni behewa," akasema. Kisha akashika bega langu, akainua mguu.

Mguu ulifika nusu ya njia. Nyonga yake ni ngumu, jambo ninalolijua kwa sababu kila siku namwona akipanda ngazi zetu tatu za barazani, mguu mmoja ukiusubiri mwenzake. Akajaribu tena kwa mguu wa pili. Nikaleta kigoda, kikayumba, karibu aanguke. Mara ya tatu kisigino chake kiligonga ukingo wa kiti kikarudi chini, naye akabaki amesimama ameshikilia kiti, anahema, hanitazami.

"Si neno, mwanangu," alisema. "Nenda wewe. Mwambie dada yangu namsalimu." Akaingia ndani, na kupitia dirishani nikamwona anavua koti, analitundika, analifunga vifungo vyote kimoja kimoja likiwa kwenye msumari.

Nililia pale pale uani, kwa hasira kuliko huzuni. Riziki yangu ni kupima. Nimepima milima, mabonde na ugomvi wa majirani. Kwenye daftari lile kulikuwa na vipimo kurasa kumi na moja, na hakuna mahali nilipoandika urefu wa mguu wa baba yangu.

Asubuhi nikairudisha ile ya fedha. Muuzaji alikuwa anakunywa chai, na safari hii hakuuliza habari za mbuzi.

"Hakupanda," nikasema.

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unatania!"

"Kwenye betri nilitania," akasema. "Nami, dada yangu, nina baba mzee Tabora. Najua nyonga."

Nikamuuliza ile kuukuu iko wapi, maana sikuiona. Alinyanyuka na kikombe chake, akaenda nyuma ya banda, akavuta turubai. Ya tisini na saba ilikuwa pale, imefutwa vumbi. Wateja wawili wameiulizia, akasema, amewaambia imeshauzwa, mwenyewe amesahau kuichukua.

"Ila kuna adhabu," akaongeza. "Babu zenu waliwatoza babu zangu hongo ya maji. Leo zamu yangu. Jogoo mmoja, na awe wa Mpwapwa, hawa wa mjini wamezoea chipsi."

Nilimpelekea jogoo. Sijawahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kiasi kile.

Baba alipanda ile ya tisini na saba kwa mara ya kwanza kama anayekaa kwenye kiti chake cha barazani. Tuliondoka Jumamosi, jua bado changa. Tulikubaliana alama: akinipiga bega mara moja nisimame, mara mbili niondoke. Akazitumia safari nzima kwa ukali wa kazini. Msalato tukaipita, mfuko haukuombwa. Chemba tukasimama kunyoosha miguu, akala mahindi ya kuchoma mawili. Alivua helmeti, akavaa kofia yake ya reli, akawasalimu wapita njia kana kwamba wamekuja kumpokea. Nilimpenda sana mzee yule pale kando ya barabara, mdomo umejaa mahindi.

Kwa shangazi tulifika mchana. Alikuwa ameketi kivulini nje ya nyumba yake, akaugeuza uso kuelekea mngurumo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kunibariki, lakini mikono yake ilikuwa tayari inamtafuta mwingine. Baba akavua helmeti, akavaa kofia ya reli, akamwendea, akapiga goti lile la nyonga nzima.

"Mbukwa," alimsalimu kwa Kigogo.

Shangazi akamshika kichwa kwa mikono miwili. Akakigeuza kwenye jua, huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoijua.

"Sogea kwenye mwanga."

"Nipo kwenye mwanga, dada."

Akamvuta karibu zaidi. Vidole vikapita kwenye paji, kwenye mashavu, vikafika juu.

"Kofia naiona," akasema. "Ile ya kazini. Naiona ukingo wake." Kisha akasema polepole, bila lawama, "Mwezi uliopita ningekuona hadi meno. Mlichelewa wapi?"

Nilisimama na funguo mkononi. Nilifungua mdomo niseme habari za daftari, Jumamosi zote zile, kurasa kumi na moja. Baba hakugeuka kunitazama. Alinyoosha tu mkono wake nyuma, akaupata mguu wangu, akaupiga mara moja.

"Barabara mbovu, dada," alisema. "Mawe matupu. Binti yangu kahangaika sana."

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni lami.