Mpishi Aliyewasemea Polisi na Wezi

Siku Kivuva alipomwona mara ya kwanza, katika hoteli moja ya Emali, mpishi yule wa pwani alikuwa akisukuma chapati huku macho yamemganda kwenye televisheni ya betri. Filamu ya polisi ilikuwa ya Kiingereza na wateja hawakuambulia kitu, basi yeye alipunguza sauti akawasemea wahusika wote. Mkubwa wa polisi, Mzungu, alinguruma. Askari mweusi alijibu kwa Kiswahili laini cha Lamu. Wezi walinong'ona kwa Kikamba cha sokoni. Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Kivuva, Mkamba mwenye haya, alirudi kila wiki, akicheka na wenzake huku kitu kinamkwaruza moyoni.

Jioni moja kikamtoka: "Mama, mbona wezi wote ni Wakamba?"

Mpishi akashika kiuno kwa mikono ya unga, akaangua kicheko. "Haki yako, kaka! Leo mwizi atatoka kwetu Lamu."

Askari mweusi akaanza kuongea Kikamba, na wateja wakapiga meza kwa furaha. Askari alipofika mlangoni kwa mwizi, mpishi alikwama, akamgeukia Kivuva.

"Kikamba changu kimeniishia, kaka. Mkamate wewe."