Kinu cha Siku ya Mungu

Harufu ya sombe mbichi, ile harufu kali ya majani ya muhogo yanapopondeka ndani ya kinu, hadi leo inanigeuza nitazame njia. Mwaka ule wa vita, kijijini kwetu kati ya Lusangi na Kabambare, wapiganaji wa msituni walikataza ngoma ya kanisa. Mkubwa wao, Lukamba, tuliyemwita chef, alisema inaita maadui, wakaipasua kuni. Basi mama zetu wakapata akili: tukitaka kusali kwa siri, mwenye nyumba ya zamu atatwanga sombe alfajiri ya Jumapili kwa mapigo ya ngoma ile. Ukisikia, unajua pa kwenda, unapita nyuma ya migomba, humsalimii mtu. Walifikiria yote, wakasahau jambo moja ambalo kila mtu kwetu analijua: nyumba ya Kikristo haitwangi siku ya Mungu. Sombe ya Jumapili inatwangwa Jumamosi.

Lukamba hakulijua hilo. Aliyemwambia ni Kalume, shemasi wetu mwenyewe, ili mbuzi wake wasiguswe. Ninayataja majina. Niliacha shule mapema, sijui kuandika kwa kuzunguka.

Zamu yetu ilipofika, mama alitwanga, nami nikasimama mlangoni kuangalia njia. Watu walikuwa wameshaingia, baba ameanza kusali kwa sauti ya chini, nikaona majani yanatikisika upande wa mto. Nilitaka kupiga kelele, nikachelewa. Lukamba akaingia uani akicheka.

"Mama, leo iko siku gani?"

"Siku ya Mungu."

"Na kinu inalia sababu ya nini?"

"Watoto iko na njaa, chef."

Akawageukia vijana wake: "Muone, Kalume hakudanganya. Bakristo hawatwangake leo!"

Wakacheka kama watu wa arusi. Waliwapiga wanaume wote, kisha wakamtwisha baba gunia la mchele wetu wenyewe awabebee hadi Salamabila. Hakurudi. Hata kaburi hatukupata.

Jumapili iliyofuata kila mtu alijifungia kwake. Mama akakaa uani, jua limeshawaka, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti yote. Nilimvuta nguo nikilia, "Mama, nyamaza, watakuua!" Akanitazama. "Baba yako wamembeba. Mungu naye niwape?" Kijana mmoja wa Lukamba akaja na bunduki, akasimama, akasikiliza, akakamata kuku wetu wa mwisho, akaenda. Mama hakukatisha ubeti. Baadaye nyumba ilichomwa, tukakimbia, mdogo wangu akafa kwa homa msituni, na kila tulipofika mahali mama alitusalisha kabla hatujafungua mizigo. Nilimchukia kwa hilo. Nilisali hivyo hivyo.

Leo, hapa Kasongo tulikokimbilia, kanisa lina bati na spika inayosikika hadi sokoni, na watoto wangu wanachelewa ibada kwa uvivu tu. Upande wa Salamabila risasi bado zinalia sababu ya dhahabu. Lukamba alikufa. Kalume yuko hai, naye alikimbilia hapa, ni mzee wa kanisa, anakaa mbele. Pasta ananiambia, "Mama, samehe, yameisha." Kwake yeye yameisha. Mimi sijasamehe, na Mungu simfichi. Lakini kanisa sihami. Kwenye Meza ya Bwana ni Kalume anayegawa mkate upande wetu, na nikihama atakuwa ameninyang'anya na huo. Nanyoosha mkono, naupokea kutoka vidole vyake, namkazia macho mpaka aangalie chini. Kisha nakula.