Kioo Ndani ya Jani la Mgomba

Makandi hakujua kutulia. Tangu utotoni kwao Kangeta, mama yake alisema mtoto huyu amekalia siafu. Na hata alipokuwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo kikuu kule Nchiru, alisoma akitembea, akala amesimama, akagombana na tanuri la maabara kama mtu agombanavyo na karani mkaidi.

Utafiti wake ulihusu kioo cha kutibu mifupa. Kioo cha dirisha, alimweleza kila aliyekubali kusikiliza, ni wavu uliofungwa barabara: kila atomi ya silikoni imeshika oksijeni nne, na oksijeni nyingi zimeunganisha silikoni mbilimbili, hivyo maji hayapati pa kupenya. Kioo chake yeye kilitiwa sodiamu na kalsiamu kwa wingi ili zikate mafundo ya wavu huo. Kikiwekwa penye pengo la mfupa, majimaji ya mwili huingia palipokatwa, kioo huyeyuka taratibu, na juu yake hujengeka utando wa madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Mfupa huuona utando huo kuwa wa ukoo wake, ukaungana nao.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Kaka yake, Mithika, alianguka kutoka juu ya mti wa miraa akavunjika muundi. Kidonda kikaingia usaha, ikabidi kipande cha mfupa kiondolewe. Kila msimu wapo Waigembe, Wameru wa upande wa Kangeta, wanaoanguka hivyo. Miraa wanayoichuma ina madalali, ina masoko, ina waheshimiwa wa kuitetea Bungeni. Mchumaji aliyevunjika ana mkongojo tu. Makandi aliyasema hayo waziwazi, kanisani na mbele ya chifu, na wapo waliomwona hana adabu. Hakujali. Aibu haikuwa kusema, aibu ilikuwa kunyamaza.

Mwaka ule maabara moja ya ng'ambo ilikubali kukipima kioo chake kwa mashine ya eksirei iwezayo kuonyesha umbali kati ya atomi na atomi. Bila kipimo hicho asingejua kama wavu umekatwa kadiri alivyokusudia. Msimamizi wake, Daktari Marete, alikuwa ametangulia Nairobi na angepanda ndege Ijumaa usiku. Tanuri nalo likaharibika, likatengenezwa, likaharibika tena. Lilipotengenezwa mara ya pili, kioo kikamiminwa, kikapozwa na kusagwa Alhamisi, nalo likafa tena. Ni gari gani lingewahi? Wameru wote wanajua jibu. Hakuna kiendacho mbio kama pikapu ya miraa, maana miraa ikinyauka hainunuliwi, na ile aliyoipakia Mithika huko Kangeta ilielekea moja kwa moja uwanja wa ndege.

Tangu aumie, Mithika alifunga miraa akiwa ameketi juu ya kreti. Makandi alimkabidhi chembe za kioo ndani ya vifuko vya karatasi, katika mkebe wa plastiki uliokazwa kifuniko, akamwambia azitunze kama miraa ya daraja la kwanza.

Mithika alizitunza. Plastiki huiunguza miraa, hakuna mfungaji asiyejua hilo. Basi alivitoa vifuko mkebeni, akavifunga kwa jani bichi la mgomba, akavinyunyizia maji, akavizamisha katikati ya mzigo penye ubaridi.

Ijumaa jioni Marete alipiga simu. "Makandi, kioo chako kimekuja kimevaa majani. Vifuko vimelowa chepechepe."

Makandi aliuliza chembe zikoje. Zilikuwa zimegandamana, nyeupe kama zilizopakwa chokaa. Hakuhitaji maelezo zaidi: maji yalikwisha kuichomoa sodiamu, na wavu ulikwisha kubadilika. Marete alisema angezikausha na kwenda nazo hivyo hivyo. Nafasi ya mashine haingoji mtu, na huko hakuna ambaye angejua.

"Mimi nitajua, Daktari. Na tukidanganya kuhusu kioo hiki, atakayetiwa mguuni ni mtu wetu, si mtu wa huko."

Marete alimkumbusha kwamba nafasi nyingine ni mwakani, kama itakuwepo. Kisha akasafiri bila mzigo.

Kesho yake Makandi alikwenda Kangeta na maneno makali mdomoni. Mithika alimlaki akitabasamu. "Profesa, kilifika kibichi?"

Maneno yale makali yalimkaukia. Alimweleza kilichotokea, na tabasamu la kaka yake likazimika polepole.

"Si wewe uliniambia kama miraa? Ningefanyaje, nikianike kama omena?" Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni mwakani?"

Beth, mkewe, aliyekuwa akichambua matawi pembeni, ndiye aliyesema lililofichwa. Hospitali ilikuwa imemwita Mithika ili wachote mfupa wa nyonga wazibe pengo la muundi, naye alikataa. Alikuwa akingoja kioo.

"Nichongwe nyonga ya nini," Mithika alijitetea, "na dada yangu anapika mfupa Nchiru?"

Makandi aliona namna yeye mwenyewe alivyokuwa akijisifu na kioo chake nyumbani, kila likizo, mbele ya mguu ule.

"Hakitafika mguuni mwako mwakani, wala mwaka utakaofuata," alisema. "Baada ya kipimo kuna majaribio, na baada ya majaribio kuna kamati. Nenda ukatibiwe, Mithika. Mguu wako utaoza ukiningoja."

Mithika alifunga kitita, akakifungua, akakifunga tena vibaya. "Basi ulikuwa ukiniimbia tu."

Mithika akamgeukia mkewe akamwambia kwamba wangeenda Jumatatu.

Jumatatu Makandi aliwafuata, ingawa hakualikwa. Daktari wa upasuaji alisema mfupa wa nyonga mara nyingi hushika, ila hakutoa ahadi. Mithika hakumsemesha dada yake hata alipolazwa juu ya kitanda cha magurudumu. Walipokifikisha mlangoni ndipo alipoinua kichwa.

"Tanuri limepona?"

"Bado."

"Litengeneze," alisema. "Mutegi, jirani yetu, alianguka mtini jana."