Vifungu Arobaini na Sahani ya Bi Salma

Niliondoka Voi kwa sababu dunia ilikuwa imenichosha. Redio haikuwa na jingine ila vita, na mimi, mwalimu mstaafu mwenye muda wa kutosha, nikaandika Azimio la Amani ya Kudumu, vifungu arobaini, litumike mara tu bunduki zitakaponyamaza. Kilichobaki ni shoga yangu Rukia wa Mombasa kulinyoosha Kiswahili, kisha nilitume kwa mataifa makubwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa Makadara, mjini Mombasa, na muda si mrefu nikafika kwa Rukia, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Alinikaribisha kwa mahamri na mbaazi, akalipokea Azimio kwa mikono miwili.

Adhuhuri, aliposimama kusali, nikaona nimsaidie vyombo. Sahani moja ya maua alikuwa ameniambia ni ya jirani, Bi Salma. Nikaisugua mpaka ikang'aa, nikavuka kichochoro, nikapiga hodi.

"Sahani yako, Bi Salma."

Akaitazama. "Tupu? Rukia ndiye aliyekutuma?"

"Naam," nikasema, nikitaka shoga yangu asifiwe kwa usafi.

Mlango ukafungwa.

Nilipomsimulia, Rukia alishika kichwa. "Mghoi, wajua ulilolifanya? Huku sahani ya mtu twairejesha na kitu ndani! Ukimpa tupu, wamwambia humtaki."

Kumbe ilikuwa sahani ya suluhu. Walinuniana mwezi mzima, maji ya kiyoyozi cha Rukia yakidondokea kanga za Salma, na jana tu Salma alikuwa amelegea, akaleta sambusa.

Nikafungua Azimio haraka. Kifungu cha tisa: pande zote zikae siku sitini bila kusemezana, hasira zipoe.

"Siku sitini! Bintiye aolewa Ijumaa, na mimi ndiye wa kumpaka hina!" Akalia. Niliona haya, mimi na vifungu vyangu vyote.

Alasiri nilikwenda Marikiti, nikanunua maembe mazuri, nikarudi kwa Salma.

"Kosa ni langu. Rukia hakunituma. Kwetu sahani ikishakuwa safi, tumemaliza."

"Mmemaliza?" Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Na nani ataka kumaliza? Chukua sahani, mwambie Rukia aitie kitu. Maembe yaache hapa."

Basi nikawa mjumbe. Kaimati zikaenda, nimezifunika kwa ukurasa wa kifungu cha tisa; bajia zikarudi, zimefunikwa kwa ukurasa uleule. Salma alisema karatasi ile ni nzuri, inanyonya mafuta. Alhamisi Rukia alimpaka hina binti wa watu kuanzia vidoleni hadi viwikoni, na mimi nikashika bakuli.

Jumamosi nilirudi Voi na sahani ya maua mkobani, imejaa visheti. Visheti vimekwisha. Sahani iko kabatini, na kila nikiiona nawaza nitaijaza nini. Azimio langu lilitaka kila mtu arudi kwake, asidaiane na mwenzake hata salamu. Nimefuta vifungu vyote, nimeandika kimoja tu, na mataifa makubwa yakikicheka shauri yao: kila taifa liweke kabatini sahani ya jirani.