Aliitwa Mwizi kwa Mlio wa Laptop

Vibanda vya soko la Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Congo, ndiyo kwanza vinafunguliwa, na Kavira amekwisha kukaa barazani, bisibisi mkononi. Mteja wake yuko kwenye kigoda, amekodoa macho. Kila skrubu inayotoka inaingia katika kizibo cha soda, mahali mteja anapoiona.

"Ukienda kunywa chai, mi nafunga mashini," Kavira anamwambia bila kutabasamu. "Mi sifungue kitu ya mutu kama mwenyewe haiko."

Sharti hilo ni jipya. Tangu avuke mpaka kutoka Butembo mwaka 2012, fundi huyu wa kompyuta alikuwa akiachiwa laptop na simu kama vile jirani anavyoachiwa funguo. Kisha ukaja mkasa wa Zedekiah. Hata sasa, ukiutaja tu, anatupa bisibisi mezani.

Zedekiah ni mfanyabiashara wa chumvi ya Ziwa Katwe. Laptop yake aliiweka stoo, juu ya magunia, kwa sababu mlango wa stoo una kufuli mbili. Mvua za Machi mwaka huu wa 2016 zilipoanza, laptop ikaanza kulia yenyewe: mlio ule wa kuchomeka flashi, kisha ule wa kuichomoa, na hakuna aliyegusa kitu.

Akaipeleka kwa Kavira. Barazani, penye jua, ikanyamaza kimya. Kavira aliisikiliza kutwa nzima, akaipangusa, akairudisha. Ilipofika stoo, ikalia tena. Safari ya pili ikawa vilevile.

Zedekiah hakurudi barazani kuuliza. Alisimama katikati ya soko, siku ya soko, akapaaza sauti. "Huyu mama iko mwizi! Anatoa kitu ya ndani, anaweka mbovu ya Congo. Kwake inanyamaza, kwangu inalia. Anataka nirudi kila siku!"

Hebu fikiria. Mtu hajachungulia hata tundu moja la mashine, lakini mkosaji ameshampata, na uraia wake ameshautaja.

Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitu vyao, hata vile ambavyo havijatengenezwa. Mwenye baraza, Enid, akampa Kavira hadi Jumapili aondoe meza yake. "Mimi sina shida na yeye," Enid anasema sasa, akitazama pembeni. "Lakini watu walikuwa wanasema." Watu! Watu walewale ambao redio na simu zao zilifufuliwa kwenye meza hiyo.

Kavira angeweza kufunga virago. Badala yake alikwenda stoo asubuhi ya mvua, akasimama mlangoni.

"Papa Zedekiah, washa tusikie wote."

Ikawashwa, ikalia. Kavira akagusa ukuta, mkono ukarudi umelowa. Akagusa gunia, nalo limelowa. Akampa Zedekiah tochi amulike mwenyewe tundu la kuchomekea flashi. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Vumbi la chumvi lilikuwa limejaa humo. Likinyonya unyevu wa stoo linapitisha umeme, na mashine inadhani imechomekwa kitu. Ikipelekwa juani linakauka, na mlio unakoma.

Akalisugua tundu kwa mswaki na spiriti, Zedekiah akitazama, kisha akamwamuru aihamishie laptop nyumbani. Haijalia tena.

Enid akaiacha meza ibaki. Zedekiah naye aliomba radhi, lakini humohumo stoo, nyuma ya magunia, kwa sauti ya chini. Nilipomuuliza kwa nini hasemi hadharani, alicheka kidogo. "Nitasimama sokoni niseme nini? Watu watanicheka. Ile maneno iliisha."

Kwake imekwisha. Kwa Kavira, wateja wengi hawajarudi, na wapo wanaomwamkia huku wakikumbatia mifuko yao.

Anapanga kufungua kibanda chenye kioo kikubwa mbele, ili kila apitaye aone mikono yake ikifanya kazi. Lakini kuna jambo analolitaka kabla ya kioo.

"Alinitukana mbele ya batu," anasema. "Aje siku ya soko, asimame palepale, apandishe ileile sauti."

Ng'ambo ya njia, Zedekiah anapima chumvi, amempa mgongo. Kavira anamtazama, kisha anaokota bisibisi.

"Atachoka kunipa mugongo. Mi sitoke hapa."