Ukungu wa Bi Mwatum

Mimi Usi, fundi cherahani wa Mlandege, wali nimeula tangu sijaota meno, lakini mpunga nliujua nlipooa shamba, kijiji cha Cheju. Mwaka sabini na mbili mchele madukani ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mama mkwe wangu, Bi Mwatum, alikuwa na bonde moja la mpunga, na hilo ndilo lililowalisha yeye na wanawe mwaka mzima.

Majani yakatoka madoa ya kijivu, yana ncha huku na huku mfano wa jicho. Bwana shamba akaja, akatizama. "Huu ukungu. Upigwe dawa upesi, kabla mashuke hayajatoka." Akaacha mkebe wa dawa na bomba la mgongoni, akauliza nani atapiga. Mimi huyo, mtu wa mjini, mbele! "Niachieni mimi, kazi hii naijua." Wallahi, hata bomba sikujua livaliwavyo. Kuuliza si ujinga, lakini mbele ya mkwe niliona haya.

Ukungu nliokuwa nikiujua mimi ni ule unaofunika bonde alfajiri. Basi nikauvizia. Siku mbili kukapambazuka kweupe, nikarudi kulala. Siku ya tatu ukashuka mzito. Nikaupiga dawa juu, kushoto, kulia, mpaka nywele zangu zikageuka nyeupe. Jua lilipotoka, ukungu ukatoweka. Nikarudi kifua mbele.

"Mama, umekwisha!"

Bi Mwatum akatizama bonde. "Mwanangu, mbona majani hayana dawa?"

"Dawa haipigwi majani, mama. Hupigwa ukungu."

Wiki ya pili bwana shamba akarudi. Aliposikia, alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akayaona mashuke, meupe, matupu, akalivaa bomba mwenyewe. Dawa iliyobaki ikatosha pembe moja tu iliyochelewa kuchanua, na pembe hiyo ndiyo iliyotoa mpunga.

Nlitamani Bi Mwatum anitukane. Hata! Baada ya mavuno akanialika, nikawekewa sahani ya wali imejaa, na samaki juu. Nikaenda jikoni kuomba maji, nikamkuta yeye na wanawe wamezunguka chungu cha muhogo.

Nikaona uchungu. "Mama, na mimi nipe muhogo."

"Ewe! Mkwe hapewi muhogo. Rudi ukale, wali usipoe."

Nikarudi, nikaula. Sikuacha hata punje, maana ningeacha, ningeona haya zaidi.